Bastille haikumwangusha mfalme: Miaka mitatu iliyouzika ufalme wa Ufaransa

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo Julai 14, Ufaransa huadhimisha sikukuu yake ya taifa kwa gwaride la kijeshi na fataki, na vyombo vya habari duniani hurudia habari ya kuvamiwa kwa gereza la Bastille mwaka 1789. Watu wengi, wakiwamo waliopata kusoma historia shuleni, huamini kuwa siku hiyo ndiyo wananchi wa Ufaransa walipompindua mfalme wao.

Sivyo ilivyokuwa. Siku Bastille ilipoanguka, Mfalme Louis wa 16 alikuwa katika kasri lake la Versailles, nje ya Paris, na aliendelea kuwa mfalme kwa zaidi ya miaka mitatu baadaye. Siku tatu tu baada ya tukio hilo alikwenda Paris, akapokea kutoka kwa meya mpya wa jiji beji ya utepe yenye rangi za mapinduzi, na umati ukamshangilia.

Siku iliyouangusha ufalme ni Agosti 10, 1792. Siku hiyo haina gwaride wala fataki, na pengine ni kwa sababu damu iliyomwagika ilikuwa nyingi mno kuweza kusherehekewa.

Swali linalostahili kuulizwa, basi, si kwa nini watu walivamia gereza lililokuwa na wafungwa saba tu. Swali ni jinsi watu wale wale waliomshangilia mfalme Julai 1789 walivyofika kuzielekeza bunduki na mizinga kwenye makazi yake miaka mitatu baadaye.

Hazina iliyokauka

Louis wa 16 alirithi kiti cha enzi mwaka 1774 akiwa na umri wa miaka 19. Pamoja na kiti hicho alirithi madeni ya vita vya watangulizi wake, naye akayaongeza. Ufaransa iliingia katika vita vya Wamarekani dhidi ya Uingereza na kutumia zaidi ya livre bilioni moja, sehemu kubwa ikiwa ni fedha za mikopo. Mfalme ambaye kwake raia hawakuwa na haki ya kumhoji aligharimia uasi wa raia wa mfalme mwenzake.

Hesabu za serikali za mwaka 1788 zinaeleza hali ilivyokuwa. Matumizi yalikuwa livre milioni 629, ilhali mapato yalikuwa milioni 503. Katika matumizi hayo, milioni 318, yaani nusu nzima, zilikwenda kulipia madeni.

Matumizi ya kasri la kifalme, pamoja na nguo na karamu za Malkia Marie Antoinette zilizosemwa sana mitaani, yalikuwa kama asilimia sita tu. Kwa maneno mengine, Ufaransa haikufilisiwa na nguo za malkia. Ilifilisiwa na vita na mikopo.

Hapa inafaa kuuondoa uongo mmoja mkongwe. Malkia huyo hakuwahi kuthibitishwa kusema kuwa wasio na mkate wale keki. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliandika kisa kinachofanana na hicho kuhusu binti mfalme ambaye hakumtaja jina, na alikiandika kabla Marie Antoinette hajawa malkia.

Tatizo la madeni lingeweza kutibiwa kwa kodi, lakini kodi yenyewe ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Nchi yenye watu wapatao milioni 28 iligawanywa katika matabaka matatu: makasisi, makabaila na watu wengine wote. Matabaka mawili ya kwanza, ambayo kwa pamoja hayakufika hata asilimia tatu ya watu, yalisamehewa kodi kuu ya moja kwa moja.

Mkulima ndiye aliyelipa kodi hiyo, akatoa zaka kwa kanisa, akalipa ushuru kwa bwana mwenye ardhi, kisha akalipa kodi ya chumvi. Katika baadhi ya majimbo, kaya ililazimishwa kununua kiasi fulani cha chumvi kila mwaka, itake isitake, kwa bei iliyopangwa na serikali.

Mawaziri wa fedha walilijua hilo. Mmoja wao, Calonne, alipendekeza kodi ya ardhi itakayolipwa na kila mwenye shamba bila kujali tabaka. Mwaka 1787 wakuu walioitwa kuijadili waliikataa. Aliyemfuata, Brienne, alikwamishwa na mahakama kuu zilizokuwa mikononi mwa makabaila. Agosti 1788 hazina ikasimamisha malipo, na mfalme akalazimika kuitisha Baraza la Matabaka Matatu, chombo ambacho mara ya mwisho kilikutana mwaka 1614.

Mkate wa sou 14 na nusu

Wakati serikali ikihangaika na madeni, mbingu nazo ziligeuka. Julai 13, 1788, mvua kubwa ya mawe iliharibu mashamba ya ngano katika eneo pana kuzunguka Paris. Ikafuata baridi kali iliyogandisha mito na kusimamisha vinu vya kusaga.

Mkate wa ratili nne, ambao kwa kawaida uliuzwa sou nane au tisa jijini Paris, ulifika sou 14 na nusu Februari 1789. Kibarua wa jiji hilo alipata kati ya sou 20 na 30 kwa siku alizopata kazi. Msomaji anayejua bei ya unga inavyoweza kuvuruga bajeti ya nyumba atapata picha: mshahara ulikuwa ukiishia mdomoni, na kodi ya pango, kuni na nguo vilisubiri.

Hata hivyo, njaa peke yake haiondoi mfalme. Ufaransa ilikuwa imeshuhudia njaa nyingi kabla ya hapo, na kila mara waliolaumiwa walikuwa wafanyabiashara wa nafaka na mawaziri. Mfalme alibaki baba wa watu ambaye, iliaminika, angetenda haki lau angeambiwa ukweli.

Imani hiyo inaonekana wazi katika madaftari ya malalamiko yaliyoandikwa vijijini na mijini kabla ya Baraza kukutana. Yamejaa vilio vya kodi, chumvi na dhuluma za mabwana wa ardhi, na yamejaa pia salamu za heshima kwa mfalme. Hayakudai ufalme uondolewe.

Baraza lilifunguliwa Versailles Mei 5, 1789, na likakwama katika jambo linaloonekana dogo: namna ya kupiga kura. Tabaka la tatu lilikuwa na wajumbe wapatao 600, karibu sawa na jumla ya wajumbe wa matabaka mawili mengine. Kura zikihesabiwa kwa kichwa, lingeweza kushinda. Zikihesabiwa kwa tabaka, lingeshindwa daima, mbili kwa moja.

Juni 17 wajumbe wa tabaka hilo walijitangaza kuwa Bunge la Taifa. Siku tatu baadaye, walipokuta mlango wa ukumbi wao umefungwa, walihamia ukumbi wa kuchezea tenisi na kuapa kutotawanyika hadi nchi ipate katiba. Mfalme alionekana kukubali, huku akisogeza majeshi karibu na Paris. Julai 11 alimfukuza waziri wake wa fedha, Necker, aliyependwa na watu.

Paris ikawaka. Watu waliokwenda Bastille Julai 14 walikuwa wakitafuta hasa baruti ya bunduki walizozichukua asubuhi ile kwenye ghala la jeshi. Karibu watu 100 waliuawa katika uvamizi huo, na mkuu wa ngome naye akachinjwa na umati.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi. Usiku wa Agosti 4 Bunge lilitangaza kufutwa kwa marupurupu ya makabaila. Agosti 26 likapitisha Azimio la Haki za Binadamu na Raia. Oktoba 5 maelfu ya wanawake, wengi wao wa masokoni, walitembea kwa miguu hadi Versailles, kiasi cha kilomita 20, wakidai mkate. Kesho yake walirudi Paris na mfalme, malkia na mtoto wao mrithi wa kiti. Tangu hapo familia ya kifalme iliishi katika kasri la Tuileries katikati ya jiji, chini ya macho ya raia.

Usiku wa Varennes

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ufalme wa Ufaransa uliuawa usiku wa Juni 20, 1791, ingawa mazishi yalichelewa kwa zaidi ya mwaka.

Kufikia wakati huo mfalme alikuwa amekwisha kuapa kuitii katiba. Lakini Bunge lilikuwa limetaifisha mali za kanisa na kuwataka mapadri wale kiapo cha utii kwa serikali, jambo lililomchoma mfalme, mtu mcha Mungu. Aidha, aliona jinsi mamlaka yake yalivyopunguzwa siku hadi siku.

Usiku huo aliondoka Tuileries kwa siri pamoja na malkia, watoto wao wawili na dada yake. Mlezi wa watoto alijifanya tajiri wa kike kutoka Urusi, na mfalme akavaa kama mtumishi wake. Walipanda gari kubwa la farasi, zito na la mwendo wa pole, kuelekea ngome ya Montmédy karibu na mpaka wa kaskazini mashariki, ambako majeshi ya kuaminika yaliwasubiri.

Walichelewa. Vikosi vilivyopangwa kuwapokea njiani vilikata tamaa na kuondoka. Katika mji mdogo wa Sainte-Menehould, mkuu wa kituo cha kubadilishia farasi, Jean-Baptiste Drouet, alimshuku abiria yule mnene. Alipanda farasi wake, akawatangulia hadi Varennes, daraja likazibwa na kengele zikagongwa. Mfalme wa Ufaransa alimaliza usiku katika chumba juu ya duka la bidhaa za nyumbani, mali ya ofisa wa mji huo.

Walirudishwa Paris Juni 25. Umati uliojipanga barabarani ulikuwa kimya, wanaume wakiwa wamebaki na kofia vichwani. Matangazo yalikuwa yamebandikwa kuonya kuwa atakayemshangilia mfalme atachapwa, na atakayemtukana atanyongwa.

Kibaya zaidi kwa Louis ni kwamba kabla ya kuondoka aliacha tamko refu aliloliandika kwa mkono wake, akilaani karibu kila jambo lililofanyika tangu 1789. Watu waliokuwa wakiamini kuwa mfalme yu pamoja nao ila amepotoshwa na washauri, sasa walikuwa na maandishi yake mwenyewe.

Bunge lilifanya nini? Lilitunga hadithi kwamba mfalme alitekwa nyara. Wabunge wengi walikuwa watu wenye mali walioogopa kwamba kiti kikibaki wazi, nchi itaingia vitani na mijini kutazuka vurugu. Walikuwa na katiba iliyokaribia kukamilika, na katiba hiyo ilihitaji mfalme. Kwa hiyo wakamsafisha.

Mitaa ya Paris haikukubali. Julai 17, 1791 maelfu walikusanyika katika uwanja wa Champ de Mars kutia saini hati ya kupinga uamuzi huo. Askari wa Walinzi wa Taifa chini ya Jenerali Lafayette waliwafyatulia risasi, na makumi wakafa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali iliyozaliwa na mapinduzi kuwaua raia wa Paris kwa ajili ya kumlinda mfalme, na wananchi hawakuisahau.

Bwana Veto

Katiba ilianza kutumika Septemba 1791. Ilimbakiza mfalme na kumpa haki ya kuzuia sheria kwa muda kwa kura ya turufu. Iliwagawa pia raia katika mafungu mawili: wenye kulipa kodi sawa na ujira wa siku tatu au zaidi, ambao waliruhusiwa kupiga kura, na maskini ambao hawakuruhusiwa. Wanawake hawakuhesabiwa popote.

Aprili 20, 1792 Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Austria, nchi alikozaliwa malkia. Ni vita vilivyotakwa na pande zote mbili kwa sababu zinazopingana. Wanamapinduzi wa kundi la Girondin waliamini vita vitawafichua wasaliti na kueneza uhuru. Mfalme na malkia walitumaini kuwa jeshi la Ufaransa litashindwa na majeshi ya ndugu zao wafalme yatawarudishia mamlaka. Wakili mmoja aliyeitwa Maximilien Robespierre alipinga, akionya kwamba hakuna anayewapenda wamishionari wenye silaha. Hakusikilizwa.

Vita vilianza vibaya. Maofisa wengi, ambao walikuwa makabaila, walikwisha kutorokea ng'ambo, na askari waliwashuku waliobaki. Uvumi ulisema kwamba siri za jeshi zinavuja kutoka Tuileries. Barua zilizokuja kujulikana miaka mingi baadaye zilionyesha kuwa uvumi huo ulikuwa kweli: malkia aliwapenyezea Waaustria habari za mipango ya vita.

Katikati ya hofu hiyo mfalme alitumia kura ya turufu kuzuia sheria ya kuwafukuza nchini mapadri waliokataa kiapo, na nyingine ya kuweka kambi ya askari wa kujitolea 20,000 karibu na Paris. Kikatiba alikuwa na haki. Kisiasa alijichimbia shimo. Mitaani waliitwa Bwana Veto na Bibi Veto.

Juni 20, 1792 umati wenye mikuki uliingia Tuileries na kumbana mfalme kwenye kona ya dirisha kwa saa kadhaa. Louis alivaa kofia nyekundu ya wanamapinduzi, akanywa mvinyo kwa afya ya taifa, lakini alikataa kata kata kuondoa turufu yake. Si haki kusema alikuwa mwoga. Siku hiyo alionyesha ujasiri ambao hata maadui zake waliukiri. Tatizo lake lilikuwa jingine: alikuwa jasiri pale alipotakiwa kukubali, na mwepesi wa kukubali pale alipotakiwa kuamua.

Kisha ikaja karatasi iliyoharibu kila kitu. Mkuu wa majeshi ya Prussia na Austria, Mtawala wa Brunswick, alitoa ilani ya Julai 25 akitishia kuiadhibu Paris kijeshi na kuiteketeza iwapo familia ya kifalme itaguswa. Ilani hiyo ilikusudiwa kuwaokoa. Ilipofika Paris mwanzoni mwa Agosti, ilisomwa kama ushahidi kwamba mfalme na adui ni kitu kimoja.

Kati ya mitaa 48 ya kisiasa ya Paris, 47 ilidai mfalme avuliwe madaraka. Vikosi vya kujitolea kutoka mikoani vilikuwa vimewasili jijini, kikiwamo kimoja cha watu wapatao 500 kutoka Marseille, kikiimba wimbo wa vita uliotungwa Strasbourg miezi mitatu kabla. Ni kwa sababu yao wimbo huo unaitwa La Marseillaise, na leo ndio wimbo wa taifa wa Ufaransa. Bunge lilipewa hadi usiku wa Agosti 9 liamue. Halikuamua.

Asubuhi ya Agosti 10

Karibu na saa sita usiku kengele za makanisa zilianza kulia mtaa kwa mtaa. Wajumbe wa mitaa walikusanyika katika jengo la Halmashauri ya Jiji na kuunda uongozi mpya. Kamanda wa Walinzi wa Taifa, Mandat, aliyekuwa amepanga ulinzi wa kasri, aliitwa huko, akakamatwa na kuuawa. Kwa hiyo kulipokucha Tuileries haikuwa na amiri.

Mfalme alishuka uani asubuhi kukagua askari wake. Baadhi walimsalimu, wengine wakamzomea usoni. Waliobaki wa kutegemewa walikuwa walinzi mamluki kutoka Uswisi wapatao 900 na makabaila wachache wenye panga.

Saa mbili na nusu asubuhi, ofisa wa mkoa aliyeitwa Roederer alimshawishi mfalme akimbilie Bungeni pamoja na familia yake. Walikatiza bustani kwa miguu. Kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisa huyo, mfalme aliyatazama majani yaliyorundikana njiani na kusema kuwa mwaka ule yanapukutika mapema.

Alipoondoka hakuacha amri iliyo wazi kwa Waswisi. Wao wakabaki kulinda kasri lisilo na mtu. Nani alifyatua risasi ya kwanza ni jambo ambalo wanahistoria hawajaafikiana, lakini mapigano yalipoanza yalikuwa makali. Wavamizi wa mwanzo waliangushwa uani. Wenzao wakaingia kwa wingi wakiamini kuwa wametegewa mtego. Mfalme alituma karatasi kuwaamuru Waswisi waache kupigana. Ilikuwa imechelewa, na waliotii waliuawa wakiwa wameshusha silaha.

Waswisi wapatao 600 walikufa, wengi wao baada ya mapigano. Upande wa wananchi, karibu 400 waliuawa au kujeruhiwa. Hawa hawakuwa majambazi kama walivyoitwa na maadui zao. Walikuwa maseremala, washona viatu, wenye maduka madogo, vibarua na askari wa kujitolea, wengi wakiwa wale ambao katiba ya 1791 iliwanyima kura. Miongoni mwa waliotazama umwagaji damu huo alikuwa ofisa kijana wa mizinga aliyeitwa Napoleon Bonaparte.

Bungeni, familia ya kifalme ilikaa katika kijichumba cha waandishi wa kumbukumbu, ikisikiliza mizinga na mjadala kuhusu hatima yake. Kati ya wabunge 745 waliohudhuria hawakufika 300. Walipiga kura ya kumsimamisha mfalme na kuitisha bunge jipya, Konvensheni ya Taifa, litakalochaguliwa na wanaume wote bila kujali kodi wanayolipa, isipokuwa watumishi wa majumbani. Siku tatu baadaye Louis na jamaa zake walifungwa katika mnara wa Temple.

Ushindi huo ulikuwa na upande wa giza ambao haufai kufichwa. Mwanzoni mwa Septemba, habari za maadui kuikaribia Paris zilipoenea, makundi yaliingia magerezani na kuua wafungwa kati ya 1,100 na 1,400 kwa siku chache. Wengi hawakuwa wanasiasa hata kidogo, bali wahalifu wa kawaida.

Konvensheni ilikutana, na Septemba 21, 1792 ikaufuta ufalme. Siku moja kabla, jeshi la Ufaransa lilikuwa limewazuia Waprussia huko Valmy. Mfalme aliyepita sasa alikuwa raia Louis Capet.

Kesi yake ilipata nguvu Novemba, ilipogunduliwa kabati ya chuma iliyofichwa ukutani Tuileries ikiwa na barua zake za siri. Kati ya wajumbe 749, 693 walimwona ana hatia na hakuna aliyesema hana. Kuhusu adhabu waligawanyika: 387 walitaka kifo, wakiwamo 26 walioambatanisha hoja ya kuahirisha, na 334 walipinga. Binamu yake mwenyewe, aliyekuwa Mtawala wa Orléans, alipiga kura ya kifo. Louis alikatwa kichwa kwa gilotini Januari 21, 1793. Malkia alimfuata Oktoba 16 mwaka huo huo, na binamu yule mwezi uliofuata.

Jina lililofika Bahari ya Hindi

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, tukio hili si la mbali kama linavyoonekana. Kisiwa cha Réunion, kilicho mashariki ya Madagascar, kabla ya hapo kiliitwa Bourbon, jina la ukoo wa Louis. Machi 1793 Konvensheni ilikibadilisha jina, na kwa mapokeo inaelezwa kuwa neno hilo, lenye maana ya muungano, linakumbuka kuungana kwa vikosi vya Marseille na Walinzi wa Taifa wa Paris siku ya Agosti 10.

Mashamba ya kisiwa hicho na jirani yake, ambayo leo ni Mauritius, yalilimwa na watumwa, wakiwamo waliochukuliwa pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kwa mwaka, kila mmoja kwa piastre 20.

Februari 4, 1794 Konvensheni ilipiga marufuku utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Lakini wajumbe wawili, Baco na Burnel, walipofika Mauritius mwaka 1796 kutekeleza amri hiyo, wenye mashamba waliwafukuza. Mwaka 1802 Napoleon aliurudisha utumwa kisheria. Mtu wa Kilwa aliyekuwa akilima Réunion aliishi miaka yote ya "uhuru na usawa" bila kuvionja, na watumwa wa kisiwa hicho waliachiwa huru Desemba 20, 1848 tu, siku ambayo hadi leo huadhimishwa huko.

Ufaransa yenyewe haikumalizana na wafalme kwa pigo moja. Ndugu wawili wa Louis walirudi kutawala kuanzia mwaka 1814. Wa mwisho wao alitimuliwa na Waparisi kwa siku tatu za Julai 1830, akapokewa na Louis-Philippe, mtoto wa yule binamu aliyepiga kura ya kifo. Naye aliangushwa Februari 1848. Mpwa wa Napoleon akajifanya mfalme wa dola mwaka 1852, hadi alipotekwa vitani na Wajerumani mwaka 1870 na jamhuri ikatangazwa tena. Wanawake wa Ufaransa, ambao bibi zao walimrudisha mfalme Paris kwa miguu, walipata haki ya kupiga kura mwaka 1944.

Uswisi iliwachongea askari wake waliokufa simba anayekata roho kwenye jabali mjini Lucerne, sanamu iliyozinduliwa mwaka 1821. Kasri la Tuileries lilichomwa moto Mei 1871, wakati wa uasi mwingine wa Paris, na magofu yake yakavunjwa mwaka 1883. Leo imebaki bustani, na watalii hupiga picha pale ambapo Louis alikatiza kwa miguu.